Kikapu cha Mke wa Karani

Barua ya Bukoba ilifika Jumatatu asubuhi. Yustus aliisoma mara tatu akiwa amesimama, na mara ya nne akiwa amekaa. Wakati huo mkewe, Kokugonza, alikuwa amepiga magoti sakafuni akijaribu kumtoa jogoo chini ya meza ya maktaba. Jogoo yule hakuwa wa kwao. Aliletwa Ijumaa pamoja na kitabu cha ufugaji wa nyuki, na aliyemleta alishika njia ya kwao kabla hajaulizwa lolote.

"Wanasemaje?" Kokugonza aliuliza kutoka uvunguni.

"Wanasema mimi ni mwizi."

"Wameandika hivyo?"

"Wameandika kwa adabu. Lakini ndivyo walivyosema."

Kokugonza alijitoa chini ya meza, nywele zimejaa vumbi na manyoya. Aliichukua barua akaisoma mwenyewe, kidole kikitembea chini ya maneno. Ilisema kwamba ofisi imepata habari kutoka kwa mwananchi mmoja mwenye uchungu, kwamba karani wa maktaba ya Ihanda anawatoza watu ada ya kuazima vitabu, ada yenyewe ikiwa ni ndizi, maharage, mayai na kuku. Mkaguzi angefika Alhamisi. Ikionekana ni kweli, sanduku la vitabu lingepelekwa mahali pengine, na karani angeiacha nyumba ya baraza mara moja.

"Kuku," alisema Yustus. "Wameandika kuku."

Jogoo akawika. Hakika mnyama yule hakuwa na haya hata kidogo.

Maktaba yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye vitabu arobaini na sita, limewekwa katika chumba cha mbele cha nyumba ya vyumba viwili yenye bati. Kwenye kifuniko paliandikwa kwa rangi nyeupe: KUAZIMA NI BURE. Watu wa Ihanda waliyasoma maneno hayo, wale wasiojua kusoma wakasomewa, wote wakaelewa vizuri sana, wakaazima bure. Ila kuhusu kurudisha hapakuandikwa kitu, na katika kurudisha watu walikuwa na desturi yao tangu mababu. Ukiazima mtumbwi wa kukamulia pombe, unaurudisha na kibuyu cha rubisi, pombe yenyewe ya ndizi, ndani yake. Ukiazima ungo, unarudi na maharage mawili matatu. Kumrudishia mtu chombo chake kikiwa kitupu ni kama kumwambia kwamba nyumba yake haina maana. Na kitabu, kwa kadiri watu walivyokitazama, kilikuwa chombo.

Basi kitabu cha mbolea kilirudi na mkungu wa ndizi. Kitabu cha hadithi za wanyama kilirudi na mayai, tena yamefungwa vizuri kwa majani makavu ya mgomba. Mjane mmoja, hana ndizi wala kuku, alirudisha kitabu cha dawa za mifugo pamoja na msumeno wa kupogolea kahawa uliokuwa wa marehemu mumewe. Mwingine alileta pampu ya baiskeli. Mwingine mwavuli mweusi, mkubwa kama paa la banda.

Yustus alikuwa mtu wa kusikitika tu na kusema, "Jamani, jamani." Kokugonza ndiye aliyepata akili. Vitu vimekuja, havitakaa bure! Akaanza kuviazimisha. Msumeno ukatembea shamba hadi shamba, pampu ikapuliza kila baiskeli ya tarafa, mwavuli ukaenda kwenye ubatizo na mazishi. Siku zile alikuwa hajajua kuandika, kwa hiyo kila aliyeazima aliacha kitu chake kwenye msumari ukutani ili akumbukwe. Baadaye alijifunza kusoma na kuandika hapo hapo, kwenye sanduku lile, akiwa na miaka thelathini na minne. Lakini watu walikwisha kuizoea misumari na hawakutaka daftari. Ukuta ukajaa kofia, fimbo, vitambaa vya kichwani na kiko cha mzee Kashaija, ambaye aliazima jembe la uma na kwa wiki nzima akawa anavuta hewa.

Sasa Kokugonza aliikunja barua akaitia kifuani. Aliogopa, tuseme kweli. Njaa hakuiogopa, maana alizaliwa katika boma la ng'ombe kule Mabira na njaa aliijua kwa sura na kwa jina. Aliogopa kurudi huko, kwenye jiko la Auleria, mke wa kaka yake, ambaye alipima hata maji ya kunawa na kuuliza kila asubuhi wageni wataondoka lini. Katika nyumba ile hapakuwa hata na karatasi ya kufungia chumvi yenye maneno ya kusoma.

"Tugawe," alisema. "Kila kitu. Alhamisi mkaguzi akute nyumba nyeupe."

"Na msumeno na pampu?"

"Hivyo vinajulikana ni vya kuazimana. Chakula ndicho kinachotutia kitanzi. Tugawe chakula."

*

Walianza siku ile ile. Kokugonza alijaza kikapu maharage akampelekea Mama Deodatha, jirani wa chini ya migomba. Akajaza kingine viazi akapeleka kwa mzee Kashaija. Yustus alibeba mikungu miwili akaisambaza, moyo mwepesi, akipiga mluzi wa kanisani. Kufikia saa kumi chumba kilikuwa kinapumua. Jogoo alikuwa amebaki peke yake katikati, anashangaa upana wa dunia.

Jumanne asubuhi Mama Deodatha aliingia na kikapu kichwani.

"Kikapu chako hiki, mke wa karani. Asante sana, waitu, mwenzetu. Watoto wamekula mpaka wakalala mezani."

Kokugonza alikipokea kikapu, mikono ikashuka kwa uzito. Ndani mlikuwa na boga, magimbi na nusu ya samaki mkavu.

"Mama Deodatha! Nini hiki?"

"Kikapu chako."

"Nilikupa nikikuomba unisaidie kupunguza!"

"Nimepunguza. Maharage hayapo, angalia mwenyewe." Mama Deodatha alijishika kiuno. "Au ulitaka nirudishe kikapu kitupu katika nyumba hii? Mimi nina kichaa? Mkwe wangu anapita njia hii kila siku!"

Hapo ndipo Kokugonza alipouona mwisho wa jambo, na alipouona akakaa juu ya sanduku la vitabu. Vikapu kumi na viwili vilikuwa nje. Vikapu kumi na viwili vingerudi.

Navyo vilirudi. Kutwa nzima ya Jumanne vilirudi, vimejaa kuliko vilivyokwenda, maana kila mtu alikwisha kusikia kuwa nyumba ya karani ina matatizo na hakuna aliyetaka kuonekana mchoyo wakati wa shida. Viazi vilikwenda vikarudi asali. Ndizi zilikwenda zikarudi karanga na bata. Yustus, kwa hasira, aliamua kugawa bila chombo. Akamwaga maharage ndani ya kofia yake ya jua, akaenda nayo kwa Byarugaba ng'ambo ya kijito, akayamimina uani kwao, akavaa kofia akakimbia. Lakini baada ya kumimina alikuwa ameiweka kofia chini kidogo ili asalimie, na mke wa Byarugaba alikuwa mwepesi wa mkono. Yustus alifika nyumbani na mayai manne kichwani, mawili yakiwa mazima.

Kokugonza alimtazama mumewe ute ukimtiririka masikioni. Alijaribu kuhuzunika. Alijaribu kweli. Kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, fimbo na kofia za watu zikamwangukia, na Yustus naye akaanza, wakacheka wote wawili wakifutana mayai huku machozi yakiwatoka. Sijui watu wengine wanaofukuzwa kazi hufanyaje, ila hawa ndivyo walivyofanya.

Jumatano waliacha kugawa. Hata hivyo mchana walipata mbuzi.

*

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nane, katikati ya mvua ya Novemba. Jina lake Bwana Projest, Mhaya wa mjini, suruali imepigwa pasi, kofia ya kazi yenye nembo kichwani. Gari lake lilikuwa limezama kwenye tope la mteremko, na dereva amebaki humo anamwomba Mungu. Mkaguzi alikuja kwa miguu, matope mpaka magotini, na pembeni yake alitembea Methodius, mwenye duka, aliyekuja kuwa shahidi. Methodius alitembea kwa namna ya ajabu, mkono mmoja kiunoni kama mtu mwenye kichomi.

"Shikamoo, bwana mkaguzi," alisema Kokugonza.

"Marahaba." Bwana Projest alisimama mlangoni. Alitazama mikungu ya ndizi iliyofika kwenye paa, vibuyu vya asali, boga, bata aliyelala juu ya kitabu cha mbolea, mbuzi aliyefungwa kwenye mguu wa meza. Alitazama kifuniko cha sanduku chenye maneno KUAZIMA NI BURE. Juu yake alisimama jogoo.

"Hii," alisema mkaguzi polepole, "ni maktaba?"

"Ndiyo, bwana," Yustus alijibu kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Nilikwambia, bwana!" Methodius alidakia. "Anawanyonya watu! Na mambo yenyewe hayaishii hapo. Ana msumeno mmoja hapa, unazunguka mashamba yote. Mimi dukani nina misumeno sita mipya tangu mwaka juzi, inashika kutu. Pampu nne. Miavuli siisemi. Watu wanaazimana kila kitu, hakuna anayenunua! Nchi itaendeleaje?"

"Mbona ulilolisema mwanzo ni kuku?" Kokugonza alimuuliza.

"Kuku pia!"

Mkaguzi alikuwa amefika ukutani kwenye misumari. Aligusa kiko, akagusa fimbo. Uso ulizidi kuwa mgumu. "Na hizi? Ni rehani?"

"Siyo rehani, bwana. Ni kumbukumbu. Aliyeazima anaacha chake, akirudisha anachukua. Hicho kiko ni cha mzee mwenye jembe la uma. Kitambaa hicho ni cha binti mwenye pampu."

"Na mkanda huu wa ngozi?"

Methodius aliangalia mbuzi.

"Huo," alisema Kokugonza kwa upole, "ni wa shahidi wako. Yuko na msumeno wetu tangu Jumamosi."

Bwana Projest aligeuka. Sasa aliuelewa ule mkono wa kiunoni. "Wewe una misumeno sita dukani."

"Ile ni mipya, bwana," Methodius alisema kwa sauti ya chini. "Nikiikatia kahawa yangu itakuwa imetumika. Nani atainunua?"

Yustus alikohoa ili asicheke. Kokugonza aliuma mtandio wake. Lakini mkaguzi hakucheka, na kicheko cha mke na mume kikafa kooni. Alikaa kwenye kiti pekee kisichokuwa na viazi, akawaeleza bila ukali, na hilo lilikuwa baya kuliko ukali.

"Mama, mimi nimezaliwa Kanyigo. Mama yangu hakuwahi kurudisha ungo mtupu maisha yake yote. Desturi naijua. Lakini desturi haina fomu. Nikirudi ofisini nitaulizwa: watu wanaleta chakula kwa karani au hawaleti? Wanaleta. Huko kunaitwa ada. Nitaandika kesho asubuhi, na sanduku nitaondoka nalo. Samahani sana."

"Hatukuomba hata punje," alisema Yustus.

"Naamini. Fungeni vitabu."

Kokugonza alianza kuvikusanya vitabu. Aliona jiko la Auleria mbele yake, moshi na yote. Alikuwa amebakiza kurasa ishirini na moja za kitabu cha safari za baharini, na hakuwahi kuiona bahari.

Mkaguzi aliinuka. Nje mvua ilikuwa imeongezeka, na nyumba ya wageni ya baraza ilikuwa mwendo wa nusu saa, ng'ambo ya bonde. Alitazama viatu vyake. Akatazama mvua. Akatazama ule mwavuli mkubwa kwenye pembe, na mabuti ya mpira kando yake.

"Hivi vinaazimwa?" aliuliza bila kumtazama mtu.

"Ndiyo maana vipo," alisema Kokugonza. "Lakini utaacha kitu kwenye msumari."

"Mimi ni mkaguzi!"

"Ndiyo, waitu. Na huo ni mwavuli."

Bwana Projest alipima, akaona tope limeanza kuingia hata ndani. Akavua kofia yenye nembo akaitundika mwenyewe, karibu na mkanda wa Methodius, akatoka akiburuza mabuti yaliyompwaya.

*

Ijumaa asubuhi jua lilitoka kana kwamba halikuhusika na lolote. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba na kuwekwa mlangoni. Watu walisimama uani, wengi. Mzee Kashaija alikuja kurudisha jembe la uma akapewa kiko chake, na hata hakukiwasha. Mama Deodatha alilia waziwazi. Methodius naye alikuwepo, nyuma kabisa, mkono kiunoni, kwa sababu hakuwa amemaliza kahawa yake na hakuthubutu kusema.

Mkaguzi alipanda mteremko kichwa wazi. Mkono mmoja ulishika mwavuli umekunjwa vizuri, mwingine mabuti yaliyooshwa mpaka yanang'aa. Aliwasalimu wazee waliokuwepo, akamkabidhi Kokugonza vitu vyake kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Vilinisaidia sana. Naomba kofia yangu."

Kokugonza alipokea mabuti na kugeuka kwenda msumarini. Akasita. Buti la kulia lilikuwa zito. Aliingiza mkono, akatoa mche wa sabuni, mpya, wa dukani. Akaingiza mkono katika la kushoto, akatoa pakiti ya sukari.

Alisimama na sukari mkono huu na sabuni mkono ule.

"Bwana mkaguzi."

"Naam, mama."

"Hii ni ada?"

"Ada gani?"

"Nimekuta sabuni kwenye buti. Na sukari. Nauliza tu, ili nijue wapi pa kuiandika."

Bwana Projest alitazama sabuni kama haijui. "Aa, hiyo, siyo... Mama, nisingeweza kumrudishia mtu mabuti yake mat..."

Akaishia hapo. Neno lilikuwa limeshatoka nusu, na nusu iliyobaki kila mtu uani aliimalizia kimoyomoyo. Bata akalia. Kisha kicheko kikalipuka kutoka nyuma kabisa, na aliyeanza, Mungu ni shahidi, ni Methodius. Alicheka hadi akapiga makofi, mikono yote miwili, akasahau alichokuwa ameshikilia. Suruali ilishuka bila kuuliza. Aliidaka magotini, na hapo uwanja mzima ukaanguka. Mama Deodatha alikaa chini kwenye tope. Mzee Kashaija alikohoa moshi ambao hakuwa ameuvuta.

"Mpeni mkanda wake!" mkaguzi alipaza sauti huku akijifuta macho. "Kwa jina la serikali, mpeni mkanda wake!"

"Hajarudisha msumeno," alisema Kokugonza.

"Naurudisha leo!" Methodius alilia. "Leo hii! Na nitaunoa!"

Bwana Projest alikaa juu ya sanduku lililofungwa kamba. Alicheka kidogo tena peke yake, akatikisa kichwa, kisha akaomba kalamu, maana ya kwake ilikuwa imeingia maji. Yustus akampa. Aliandika mistari miwili akamkabidhi Kokugonza asome, na Kokugonza akasoma kwa sauti mbele ya watu wote, kidole chini ya maneno, bila kukosea: "Nimekagua maktaba ya Ihanda. Ada haitozwi."

"Na jogoo?" Yustus aliuliza. Alikuwa mwaminifu kupita kiasi, ndiyo tabia yake.

"Jogoo nimemwona. Sikumwandika."

Vijana kwa wazee walishuka kulitoa gari kwenye tope kwa kamba na majembe, vyote vya maktaba. Kabla mkaguzi hajapanda, Kokugonza alimwekea kwenye kiti cha nyuma kikapu kilichosheheni ndizi na panzi wa senene waliokaangwa, na mara hii hakuna aliyesema kuwa ni ada. Gari lilipoanza kusogea Bwana Projest alitoa kichwa dirishani, na kofia yake juu yake.

"Mama, kikapu hiki ni cha nani?"

"Changu, bwana."

Alionekana kama mtu aliyekumbuka jambo zito. "Haya," alisema. "Haya."

*

Kikapu kilirudi wiki mbili kabla ya Krismasi, juu ya lori lililokuja kuchukua kahawa. Kilikuwa kimeshonewa gunia juu. Utingo aliteremka nacho kwa kuyumba, akakiweka uani akilaani mgongo wake.

"Sukari," Yustus alikisia.

"Sukari haina pembe," alisema Kokugonza, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kufumua uzi.

Hapakuwa na barua. Palikuwa na vitabu ishirini na vitatu. Kimoja cha ushonaji, kimoja cha kutunza migomba, vya hadithi tele, na cha juu kabisa kilikuwa sehemu ya pili ya safari za baharini, ambayo Kokugonza hakujua kuwa ipo. Alivitoa kimoja kimoja, akavipanga kwenye mkeka, akavihesabu mara mbili. Alicheka, akalia, akacheka tena, akamwita Mama Deodatha aje aone, akamkataza asiguse kwa mikono ya unga. Furaha ilimjaa hadi akashindwa pa kuiweka.

Halafu alifungua jalada la kile cha juu, na ndani yake akakuta muhuri wa ofisi na mstari mmoja wa chapa. Aliusoma kwa sauti.

"Vimeazimwa kutoka Bukoba. Virudishwe baada ya miezi sita."

Mke na mume walitazamana.

"Vitarudishwa," alisema Yustus taratibu.

"Vyote ishirini na vitatu," alisema Kokugonza. "Bukoba. Ofisini."

Alitazama vitabu, akatazama kikapu kitupu kilichokuwa mapajani mwake. Kisha macho yake yakainuka, yakapita juu ya vibuyu na mbuzi, yakatua kwa jogoo. Jogoo aliona anavyotazamwa, akashuka kwenye sanduku, akarudi zake chini ya meza.